Fausto Coppi: Bingwa wa Mabingwa na Kidonge Alichorithisha



Ndugu msomaji, mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika. Watu walijipanga kando ya barabara kuwatazama mabingwa wakipanda vilima. Panapotajwa mabingwa wa mchezo huu, jina la Fausto Coppi halikosekani. Alikuwa Mwitaliano, aliutwaa ubingwa huo wa dunia mwaka 1953, na alifariki mwanzoni mwa 1960 kwa ugonjwa alioupata hapa hapa Afrika.

Coppi hakuwa Mwislamu, wala hatumleti katika kurasa hizi ili awe kigezo chetu cha dini. Tunamleta kwa ajili ya mazingatio. Maisha yake yana swali linalotuhusu sisi tulio vyuoni: mtu mwenye kipaji cha kweli, tena mwenye bidii, alihitaji nini zaidi? Na alipojiongezea, ni nani aliyelipa gharama?

KIJANA WA BUCHA

Angelo Fausto Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya Piedmont, kaskazini ya Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini, naye alikuwa mtoto wa nne kati ya watano. Ukimtazama usingemdhania mwanamichezo. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na afya yake ya utotoni haikuwa nzuri. Hata alipokuwa bingwa, mifupa yake ilivunjika mara nyingi kila alipoanguka.

Alipofika miaka 13 aliacha shule akaenda mji wa Novi Ligure kufanya kazi kwenye bucha. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyama kwa wateja kwa baiskeli, akipanda na kushuka vilima siku nzima. Ndipo yeye na wengine walipoanza kugundua kwamba kijana huyu mwembamba hachoki upesi. Ndugu mmoja wa ukoo, aliyekuwa baharia, akamsaidia fedha za kununua baiskeli ya mashindano.

Katika mji huo alikuwapo mtu aitwaye Biagio Cavanna. Zamani alikuwa bondia, kisha akapofuka, akawa anaishi kwa kuwakanda wanamichezo na kuwafundisha. Cavanna hakuweza kumwona Coppi, lakini alimtambua kwa mikono yake, kwa kugusa misuli na kusikiliza mapigo ya moyo. Akamchukua kama mwanafunzi, akampangia mazoezi, chakula na usingizi. Mpaka mwisho wa maisha yake Coppi hakuachana na mwalimu huyo kipofu.

MSAIDIZI AMPIKU BWANA WAKE

Mbio za baiskeli za kulipwa ni mchezo wa timu, ingawa mshindi ni mmoja. Kila timu ina kiongozi, na wengine ni wasaidizi. Kazi ya msaidizi ni kumkinga kiongozi na upepo, kumletea maji, na kumpa gurudumu lake akipata pancha. Mwaka 1940 Coppi, akiwa na miaka 20, aliingia katika Giro d'Italia, mbio kubwa ya kuizunguka Italia kwa wiki kadhaa, akiwa msaidizi wa Gino Bartali.

Bartali alikuwa ameshatambulika ulimwenguni. Alizaliwa mwaka 1914 karibu na Florence, alikuwa ameshinda Giro mara mbili, na mwaka 1938 alishinda Tour de France. Alikuwa Mkatoliki aliyeshika dini yake kwa dhati, kiasi cha watu kumpa lakabu ya mcha Mungu. Lakini siku za mwanzo za Giro ile mbwa aliingia barabarani, Bartali akaanguka na kuumia. Njia ikawa wazi kwa msaidizi wake. Coppi akatoroka peke yake kwenye mvua katika milima kati ya Florence na Modena, akavaa jezi ya waridi ya kinara, na hakuivua tena. Bartali mwenyewe, baada ya kuona hali ilivyo, alimsaidia milimani mpaka mwisho. Mpaka leo hajatokea mshindi wa Giro mwenye umri mdogo kuliko Coppi wa mwaka ule.

Mbio zilimalizika tarehe 9 Juni 1940. Siku iliyofuata Italia ikatangaza vita.

VITA, KIFUNGO NA KURUDI

Tarehe 7 Novemba 1942, wakati ndege za Waingereza zikiushambulia mji wa Milan kwa mabomu, Coppi aliingia katika uwanja wa Vigorelli wa mji huo kujaribu rekodi ya saa moja. Hili ni jaribio jepesi kulieleza na gumu kulifanya: mtu mmoja, baiskeli moja, uwanja mmoja, azunguke kadiri awezavyo kwa dakika 60. Hakuna wa kumkinga na upepo, hakuna wa kumdanganya. Coppi alipita kilomita 45, akaivunja rekodi ya dunia. Rekodi hiyo iliishi karibu miaka 14. Tutairudia.

Kisha akapelekwa vitani Afrika Kaskazini. Mwezi Aprili 1943 alitekwa na Waingereza huko Tunisia, akawa mateka wa vita, akifanya kazi ndogondogo za kambini. Aliporejea Italia mwaka 1945 nchi ilikuwa magofu: madaraja yamebomolewa, barabara zina mashimo, watu wana njaa. Tarehe 19 Machi 1946 ilipangwa tena mbio ya siku moja kutoka Milan hadi San Remo. Coppi, sasa akiwa na timu ya Bianchi, aliwaacha wenzake mbali sana na kumaliza peke yake. Mtu wa pili alifika dakika 14 baadaye. Kwa Waitaliano wengi ile haikuwa habari ya baiskeli tu. Waliona kwamba nchi iliyoanguka inaweza kusimama tena.

MAFAHALI WAWILI

Kuanzia hapo Italia iligawanyika mapande mawili. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa mafahali kweli. Watu wa Bartali waliona kwake dini, desturi na maisha ya kale ya mashamba. Watu wa Coppi waliona kwake mambo mapya: viwanda, sayansi, miji. Familia ziligombana mezani. Kila mmoja alimchunga mwenzake kuliko alivyouchunga ushindi wake mwenyewe.

Mfano ni mashindano ya dunia ya mwaka 1948 huko Valkenburg, Uholanzi. Wote wawili walivaa jezi ya taifa moja. Lakini kila mmoja alikataa kusogea mbele kwa hofu ya kumfaidisha mwenzake. Walibaki nyuma wakitazamana mpaka mbio zikawaponyoka, kisha wote wakashuka na kuacha. Shirikisho lao likawafungia kwa muda. Hii ndiyo husuda: mtu anaridhika apoteze chake, mradi ndugu yake naye asipate.

Mwaka uliofuata walipatanishwa ili waende Tour de France pamoja. Kabla ya safari hiyo Coppi alifanya jambo linalosimuliwa hadi leo. Tarehe 10 Juni 1949, katika hatua ya Giro kutoka Cuneo hadi Pinerolo, alitoroka na kupanda milima mitano mirefu ya Alps akiwa peke yake kwa kilomita 192. Wa pili alikuwa Bartali, dakika 11 na sekunde 52 nyuma. Coppi alishinda Giro ile, na mwezi uliofuata akashinda Tour, akawa mtu wa kwanza katika historia kuzishinda zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Katika Tour hiyo, siku ya tarehe 18 Julai, ambayo Bartali alitimiza miaka 35, wawili hao waliwaacha wengine wote milimani, na Coppi akamwachia mkubwa wake ushindi wa siku. Alirudia kuzishinda Giro na Tour pamoja mwaka 1952. Kwa jumla alishinda Giro mara tano na Tour mara mbili.

Iko picha moja maarufu ya Tour ya 1952. Wawili hao wanapanda mlima, na chupa ya maji inapita kutoka mkono wa mmoja kwenda mkono wa mwingine. Waitaliano wamebishana miaka yote ni nani anayempa nani. Hilo tu linaonyesha ushindani ulivyowalevya watu: wameona kitendo cha wema, wakakigeuza kuwa kesi.

KIDONGE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Amfetamini ilianza kuuzwa kama dawa katika miaka ya 1930. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya pande zote mbili yaliwapa askari na marubani vidonge vya aina hiyo ili wasilale na wasihisi uchovu. Vita vilikwisha, vidonge vikabaki. Vikaingia katika mifuko ya madereva wa masafa marefu, ya wanafunzi wanaokesha, na ya waendeshaji baiskeli. Waitaliano waliviita bomu.

Dawa hii haimwongezei mtu nguvu kwa maana ya kweli. Kazi yake ni kuizima taarifa. Mwili unapochoka humwambia mwenyewe kwamba amechoka, na huo ni ulinzi ambao Muumba ameuweka ndani yetu. Kidonge kinaifunga sauti hiyo. Moyo unakwenda mbio, joto la mwili linapanda, usingizi unakimbia, na mtu anatumia akiba ambayo hakutakiwa kuigusa. Deni linabaki pale pale, ila mdaiwa hasikii tena mlango ukigongwa.

Coppi alitumia. Hatumsingizii, kwani alikiri mwenyewe hadharani. Alieleza kwamba alivitumia pale ilipolazimu, na alipobanwa aseme ililazimu mara ngapi, jibu lake lilikuwa kwamba ni karibu kila mara. Lazima tuseme haki: wakati ule hapakuwa na sheria iliyokataza, wala hapakuwa na vipimo. Hakuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa. Na ukweli wake ulikuwa bora kuliko uongo wa wengi waliomfuata.

Tena tusisahau kwamba ukubwa wake haukutoka kwenye kichupa. Coppi na Cavanna waliubadilisha mchezo kwa elimu. Walipanga mazoezi kwa hesabu, wakaangalia chakula, wakaipanga timu nzima ifanye kazi kama mashine moja. Hayo yalitosha kumfanya bingwa. Kidonge kilikuja juu ya hayo, na hapo ndipo msiba ulipo. Waliomtazama kwa mbali hawakuweza kunakili kipaji chake, wala miaka yake ya mazoezi. Kidonge ndicho kilichokuwa rahisi kunakili.

Bartali naye aliingiwa na wasiwasi uliompotezea usingizi. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa akikagua chumba cha hoteli alicholala Coppi baada ya kuondoka kwake, akitafuta chupa na mabaki ya dawa. Katika Giro ya mwaka 1946 alimwona Coppi, wakiwa mlimani, akinywa kitu kutoka kichupa kidogo cha kioo na kukitupa kwenye majani. Mbio zilipokwisha, Bartali alirudi hadi mahali pale, akapekua majani mpaka akakipata, akakipeleka kwa daktari. Ilikuwa dawa ya kawaida ya kutia mwili nguvu kutoka Ufaransa, iliyouzwa bila hata cheti cha daktari. Mtazame mtu huyu, bingwa wa Tour, amepiga magoti kwenye nyasi za barabarani akitafuta takataka za mwenzake. Hakumshtaki Coppi popote. Alitaka kujua siri tu.

Na Bartali hakuwa peke yake katika upelelezi huo. Katika Giro ya mwaka 1953 Coppi alikuwa nyuma ya Mswisi Hugo Koblet zikiwa zimebaki siku chache. Inasimuliwa kwamba asubuhi ya kupanda mlima Stelvio, wenye kimo cha mita 2,758, mtu mmoja wa timu ya Coppi alimwomba Koblet apige naye picha na avue miwani yake ya jua. Lengo lilikuwa kumtazama macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyekesha na vidonge. Habari ikapelekwa kwa Coppi, naye akashambulia mlimani na kuichukua Giro. Walijuana hivyo. Kila mmoja alijua mwenzake ametumia nini, na elimu hiyo ikawa silaha.

NYUMBANI

Ushindi haukumlinda na mitihani ya dunia. Mwezi Juni 1951 mdogo wake, Serse, aliyekuwa mwendeshaji katika timu yake, alianguka katika mbio huko Piedmont. Alidhani hajaumia sana, akafariki siku hiyo hiyo. Coppi alihuzunika kiasi cha kufikiria kuacha mchezo.

Baadaye ndoa yake ilivunjika kwa sababu ya uhusiano na mke wa mtu. Zinaa wakati ule ilikuwa kosa la jinai Italia, na mwaka 1955 mahakama iliwatia hatiani wote wawili. Magazeti yaliyomnyanyua yakawa ndiyo yanayomla nyama. Hatuna haja ya kuyafukua zaidi. Inatosha kusema kwamba watoto wa pande zote waliumia, na kwamba mtu aliyeweza kujizuia njaa, kiu na usingizi hakuweza kujizuia katika jambo hilo.

SAA MOJA YA MILAN

Kila bingwa huzaliwa na mrithi wake mahali fulani. Wa Coppi alizaliwa Ufaransa mwaka 1934, jina lake Jacques Anquetil. Akiwa na miaka 19 tu alishinda mbio kubwa ya kupambana na saa nchini kwao. Tarehe 29 Juni 1956 aliingia katika uwanja ule ule wa Vigorelli, akaendesha kwa saa moja, na kupita kilomita 46 na mita 159. Rekodi ya Coppi ikaanguka.

Anquetil alirithi zaidi ya rekodi. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda Tour de France mara tano, na hakuficha kwamba anatumia dawa. Alijenga hoja kabisa: kwamba mbio ni ndefu kupita kiasi, kwamba mwendeshaji ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na kwamba ni mpumbavu tu anayedhani kazi ile inafanyika kwa maji matupu. Kilichokuwa kwa Coppi ni desturi inayotajwa kwa aibu kidogo, kwa Anquetil kilikuwa haki ya kudaiwa. Ndivyo mambo yanavyokwenda. Kizazi cha kwanza hufanya na kunyamaza, cha pili hufanya na kutetea, cha tatu hakijui tena kwamba palikuwa na njia nyingine.

OUAGADOUGOU

Kufikia mwaka 1959 Coppi alikuwa na miaka 40 na bado hajaacha kuendesha. Nguvu zilikuwa zimemwishia, na watu waliompenda waliona uchungu kumtazama. Lakini kulikuwa na habari moja njema: kwa msimu wa 1960 alikuwa amekubali kujiunga na timu itakayoongozwa na Gino Bartali. Baada ya miaka 20, msaidizi alikuwa anarudi kwa bwana wake wa zamani.

Mwezi Desemba 1959 alialikwa pamoja na waendeshaji kadhaa wa Ufaransa, Anquetil akiwemo, kwenda Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Rais Maurice Yaméogo alikuwa akiadhimisha mwaka mmoja wa jamhuri yao. Tarehe 13 Desemba wakashindana mjini Ouagadougou. Anquetil alikuwa wa kwanza, Coppi wa pili. Baadaye wakaenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani, na usiku ule mbu walikuwa wengi.

Sisi tunajua hadithi hii inakokwenda, kwa sababu ni hadithi ya kila nyumba ya kwetu. Wote wawili walirudi Ulaya, na baada ya siku chache wote wawili wakashikwa na homa kali. Géminiani alipoteza fahamu huko Ufaransa. Madaktari wake walipima damu, wakakuta vijidudu vya malaria ya falciparum, ile inayoua, wakampa kwinini. Akapona. Aliishi mpaka mwaka 2024, akafa akiwa na miaka 99.

Kule Italia madaktari wa Coppi walitibu kitu kingine. Inasimuliwa kwamba simu ilipigwa kutoka Ufaransa kuwaarifu kuhusu malaria, nao wakajibu kwamba mgonjwa wao wanamjua wenyewe. Asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960, katika hospitali ya Tortona, Fausto Coppi alifariki.

Kila kitu kimeandikwa, na ajali haina kinga. Lakini dini yetu inatufundisha pia kushika sababu. Mwili ule ulikuwa umepewa vidonge miaka mingi ambavyo haukuvihitaji. Siku ulipohitaji dawa moja ya kweli, ambayo ilikuwa ikijulikana kote katika nchi za kwetu, haukuipata.

Alizikwa Castellania, kijijini kwao, na maelfu ya watu walipanda vilima vile kumsindikiza. Bartali alikuwa miongoni mwao.

KILICHOBAKI

Ufaransa ilitunga sheria dhidi ya dawa hizi mwaka 1965. Mwaka uliofuata wapimaji walipoingia katika hoteli za Tour mjini Bordeaux, waendeshaji waligoma: siku ya pili walishuka kwenye baiskeli wakatembea kwa miguu kuonyesha hasira zao. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alianguka akipanda mlima Ventoux katika jua kali na kufa akiwa na miaka 29. Amfetamini na pombe zilikutwa mwilini mwake. Sauti ya kumwambia apumzike ilikuwa imezimwa. Mwaka huo huo Anquetil aliivunja tena rekodi ya saa moja, akakataa kutoa mkojo upimwe, na rekodi ikakataliwa.

Baada ya hapo dawa zilibadilika, siri ikaongezeka. Marco Pantani, Mwitaliano aliyeshinda Giro na Tour mwaka 1998 kama Coppi, aliondolewa katika Giro ya 1999 baada ya kipimo cha damu, na mwaka 2004 alikutwa amekufa peke yake hotelini kwa kokeni, akiwa na miaka 34. Mmarekani Lance Armstrong alinyang'anywa ushindi wote saba wa Tour mwaka 2012. Wengi wa hawa waliposhikwa walileta hoja moja: kila mtu alikuwa akifanya.

Coppi asingeweza kuyajua haya. Lakini tumefundishwa kwamba mwenye kuanzisha mwenendo mbaya hubeba mzigo wake na sehemu ya mzigo wa wanaomfuata, na hakuna anayefuatwa kama bingwa. Tena yeye mwenyewe alikuwa amerithi. Aliukuta mchezo wenye vidonge, akauacha mchezo wenye vidonge. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jina kubwa kuliko wote, na kama angesema hapana, huenda wengi wangesikia.

Ndugu yangu, dada yangu, msimu wa mitihani ukikaribia, vidonge vya kukesha huanza kupita mkono kwa mkono mabwenini. Anayekupa si adui yako. Mara nyingi ni mwenzako wa mwaka wa tatu, mwenye alama nzuri, unayemheshimu, na hoja yake ni ile ile: kila mtu anafanya. Wewe utaona kidonge, hutaona usiku ngapi alizosoma bila hicho. Mwakani utakuwa wewe wa mwaka wa tatu, na mtoto wa mwaka wa kwanza atakuwa akikutazama.

Mwili ni amana, na una haki juu ya mwenyewe. Ukichoka, lala. Ukishikwa na homa, nenda kapime. Na ukipewa nafasi ya mbele, kumbuka kwamba wanaokuja nyuma hawatauliza ulishinda mara ngapi. Watauliza ulishindaje, nao watafanya hivyo hivyo.

Allah atujaalie afya zetu ziwe za kumtii, na ushindi wetu uwe wa halali. Wabillahi tawfiq.